Eosini Y na taa ya kijani: usiongeze rangi, kagua oksijeni na asidi

Mkuu, umeuliza kwa nini kuunganisha furani (kimiminika chenye pete ya kaboni na oksijeni) na chumvi ya diazoniamu (chumvi yenye kundi la naitrojeni mbili linalong'oka kwa urahisi) kunakupa mazao kiduchu, na kama upandishe eosini Y, ile rangi inayonyonya mwanga na kuendesha mmenyuko, kutoka asilimia 1 ya moli hadi 5. Usipandishe. Eosini hunyonya mwanga wa kijani vikali mno: kwenye mmunyo wa milimoli 2.5 kwa lita, sehemu tisa kati ya kumi za mwanga huishia ndani ya takriban milimita 0.04 kutoka kwenye kioo. Huko katikati ni giza tupu. Kinachosaidia ni tyubu nyembamba, taa ikae karibu, na sumaku ikoroge kwa kasi.

Asilimia 1 ya moli hapa ni miligramu 1.7 tu za eosini, na kupima kiasi hicho ni kubahatisha. Yeyusha miligramu 17.3 (eosini ya chumvi ya sodiamu) kwenye mililita 10 za kiyeyusho cha DMSO kikavu, kisha chota mililita 1. Tia miligramu 57 za tetrafluoroborati ya 4-klorobenzinidiazoniamu (ndiyo chumvi ya diazoniamu), yaani milimoli 0.25. Pitisha naitrojeni kwa sindano dakika 15, ndipo utie furani mililita 0.18. Mpangilio huu ndio wengi wanaukosea: furani huchemka kwenye nyuzi 31 tu, ukiitangulizia gesi itaondoka nayo. Na oksijeni ikibaki unapata hasara mara mbili, maana inaipokonya eosini nishati yake, halafu ikishachangamka inaishambulia furani yenyewe.

Washa LED ya nanomita 530 kwa saa mbili, feni ikipuliza muda wote. Bila feni hutajua kama kazi imefanywa na mwanga au na joto.

Sasa tazama rangi. Dondosha tone moja la mchanganyiko kwenye DMSO safi: linatakiwa liwe la waridi lenye mng'ao wa kijani kibichi. Likififia kuwa manjano, au likipauka kabisa, chumvi yako ya diazoniamu imebaki na asidi. Eosini ikishabeba protoni hainyonyi tena ule mwanga wa kijani. Usitibu kwa kutia besi, kwa sababu diazoniamu itaharibika. Yeyusha chumvi kwenye asetoni kidogo, itoe tena kwa etha baridi, chuja. Tafadhali sana, tumia kijiko cha plastiki, usiikwangue ikiwa kavu, tengeneza kidogo kidogo na uihifadhi kwenye friji: chumvi hizi zinaweza kulipuka.

Weka pia tyubu mbili za kulinganishia, moja ikiwa imefungwa foili, nyingine kwenye mwanga bila eosini. Diazoniamu huvunjika yenyewe kiasi fulani ndani ya DMSO, na mazao hayo usiyahesabie rangi.

Ukitaka kukuza kipimo, kumbuka gesi. Milimoli 0.25 za diazoniamu hutoa naitrojeni kama mililita 6, lakini milimoli 5 ni mililita 120. Chupa iliyozibwa haifai hapo, weka puto.