Tabia mpya ifunge kwenye kazi usiyoikosa

Kila mwaka mpya nawasikia wateja wangu wakiahidiana: mwaka huu nitaamka saa kumi na moja nikimbie, nitakula matunda, nitalala mapema. Wana nia ya kweli, nawajua. Ikifika Pasaka karibu wote wameshaacha, na wengi wanajiita wavivu. Neno hilo silikubali. Mwanamke aliyepanda kilima cha Kadutu na bidoni ya lita 20, akapika kwa makaa, akashinda sokoni mpaka jioni, uvivu wake uko wapi? Ninavyoona mimi, mipango ile ilimfaa mtu anayejua kesho yake itakuwaje. Hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, umeme unarudi usiku wa manane, maji vilevile, na mvua ikinyesha asubuhi njia inakuwa tope na kazi zote zinasogea mpaka mchana. Ukisema "nitafanya saa kumi na moja", saa kumi na moja inakukuta kwenye foleni ya bomba.

Ushauri ninaoupigania ni mmoja: usiiweke tabia mpya kwenye saa. Ifunge kwenye kazi ambayo utaifanya tu, pawe na umeme au giza, pesa iwepo au isiwepo.

Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu ni ya kukaa, mgongo umeinama, macho kwenye sindano. Nilikuwa nimepita miaka arobaini siku ile ya vipimo vya bure parokiani. Muuguzi alinifunga mkanda mkononi, akapima, akaniambia nipumzike kidogo, akapima tena. "Mama, tansiyo yako iko juu," akasema. Kichwa hakikuwa kinaniuma, kizunguzungu sikuwa nacho. Presha ndivyo ilivyo: mtu anaweza kuishi nayo miaka bila dalili, huku inaumiza moyo, figo na mishipa ya ubongo. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikirudiwa siku nyingine na kubaki hapo, ndicho waganga wa hospitali wanachokiita presha ya juu. Nilipewa vidonge na ninavimeza hadi leo. Haya ninayoandika yanakwenda pamoja na dawa, hayachukui nafasi yake. Nimeona watu walioanza kutembea, wakajisikia vizuri, wakaacha vidonge bila kumwuliza mtu. Tafadhali, muulize muganga kwanza.

Muganga aliniambia nitembee, nipunguze chumvi, nilale vya kutosha. Nikarudi nyumbani nikajiuliza: ni kazi gani nafanya kila siku bila kukumbushwa? Nakwenda kazini. Nashona. Nawasha jiko. Nafunga mlango usiku. Hizo nne zilinitosha.

Kwenda kazini kulikuwa rahisi. Zamani moto, yaani pikipiki, ilinifikisha hadi mlangoni. Sasa nashuka chini ya kilima na sehemu ya mwisho naipanda kwa miguu, jioni nateremka hivyohivyo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani mwendo ambao unaweza kuongea lakini kuimba kunakushinda. Jambo lililonipa moyo ni kwamba mwongozo wao wa mwaka 2020 uliondoa sharti la zamani la kutembea dakika 10 mfululizo ndipo ihesabiwe. Vipande vidogo vinahesabiwa vyote. Mji wetu, pale juu kwenye mita kama 1,500, wenye vilima kila upande, tayari ni uwanja wa mazoezi usiolipiwa. Hata salongo ya Jumamosi, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, ukishika jembe kwa kweli, ni mwendo.

Kushona kulinipa kitu ambacho sijakisoma popote. Uzi wa bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini ya cherehani, unaisha mara nyingi kwa siku, na ukiisha lazima usimame kazi. Basi kila bobini ikiisha nainuka kwenye kiti, nanyoosha mgongo, nakunywa maji kidogo, ndipo naijaza. Hakuna simu ya kunikumbusha, cherehani yenyewe inanikumbusha. Wewe si fundi? Mwalimu ana kengele. Muuza duka ana mteja anayeondoka. Dereva ana abiria anayeshuka. Tafuta bobini yako.

Chumvi ndiyo iliyotaka akili zaidi, nami nitakaa hapo kidogo. Bugali wetu hauna chumvi. Chumvi inaingia kwa mboga: sombe, lenga-lenga, maharagi, nyama, halafu juu yake zile kubu za kuongeza ladha, ambazo sehemu kubwa yake ni chumvi. Kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na watoto wanahitaji pungufu ya hapo. Mpishi anayemwaga kwa mkono hawezi kujua amefika wapi. Kwa hiyo mimi, nikishawasha makaa na kabla sufuria haijakaa jikoni, napima chumvi ya nyumba nzima kwenye kikombe kidogo. Ikiisha, imeisha mpaka kesho. Siku nikitia kubu, napunguza vijiko. Kibakuli cha chumvi kimeondoka mezani.

Wiki za kwanza mume wangu aliuliza, "Mama watoto, chumvi imepanda bei?" Nilimjibu kwa kuongeza kitunguu saumu, tangawizi, nyanya nyingi na pilipili, na limau kwenye samaki. Ulimi unazoea, lakini unataka wiki kadhaa, kwa hiyo punguza polepole, usikate siku moja. Makayabo, samaki wa chumvi, nayaloweka usiku kucha, nabadilisha maji, namwaga. Na mara nyingi nachagua sambaza wabichi. Samaki hawa waliletwa ziwani Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959, na leo sioni chakula kingine cha bei yao kinachotupa protini, na kalsiamu pia, kwa sababu tunawala na mifupa yao. Wakaushwe kwa moto au wakaangwe kwa mafuta kidogo, inategemea mfuko.

Kwa kuwa jiko tayari linawaka, hapo ndipo maji ya kunywa yanachemka. Wengi wanaacha sufuria itokote robo saa na kumaliza makaa, halafu kesho yake makaa yamekwisha na wanakunywa maji mabichi. Kwa kimo cha Bukavu, yakishatokota kwa mapovu makubwa, dakika 1 inatosha kuua vijidudu. Ni juu ya mita 2,000 ndipo inahitajika dakika 3. Funika, yapoe humohumo, na usichote kwa kikombe kilichoguswa na mikono ya kila mtu.

Usingizi bado ni mgumu. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi, na katika mtaa ambao bomba linaanza kutoa saa nane usiku, nani anazipata? Kwetu tumegawana zamu: mwenye zamu anaamka kujaza bidoni, wengine wanalala, na mwenye zamu kesho yake analala mapema bila kuulizwa. Mabinti na wavulana wote wamo kwenye zamu, na baba yao pia. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu katika nyumba nyingi ninazozijua anayeamka kila usiku ni mama au binti mkubwa, na mwili wake unalipa.

Jambo la pili la usiku ni simu. Kwa mji uliopitia yale tuliyoyapitia Februari 2025, vita ilipoingia mjini, siwezi kumwambia mtu asijali habari. Tulikuwa tunalala na simu mkononi, sauti moja ya rafiki inakuja, nyingine inaikanusha, moyo unapiga mpaka alfajiri. Tulichokubaliana na majirani ni hiki: nikishafunga komeo la mlango, simu inawekwa mbali na kitanda, mlio umewashwa. Kukiwa na jambo la kweli, jirani atapiga. Ujumbe wa makundi unasubiri asubuhi. Sikupata amani yote kwa hilo, lakini nimepata usingizi.

Tabia inachukua muda gani kushika? Watu wanasema siku 21. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 kwa wiki 12, na matokeo yao, yaliyotoka mwaka 2009, yalionyesha kwamba kwa wastani ilichukua siku 66 kwa jambo kufanyika bila kulifikiria. Tofauti kati ya watu ilikuwa kubwa sana, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya 254. Kunywa maji kunashika mapema kuliko mazoezi. Tena waliona kwamba kukosa siku moja hakuharibu kitu. Kwa hiyo siku ya mvua kubwa, siku ya msiba, siku mtoto ana homa, acha bila kujitukana, kesho yake kazi ileile itakukumbusha. Na anza na jambo moja. Mimi nilianza na kutembea peke yake, chumvi ikafuata kutembea kulipokuwa kumeshaingia mwilini.

Mwili hautunzwi peke yake, na mtu anayehesabu vijiko huku hana wa kuongea naye bado anaumia. Likelemba yetu, kundi la kuchangiana kwa zamu, inakutana kila wiki kwa ajili ya pesa. Tumeongeza jambo moja: mmoja wetu ana kipimo cha presha cha betri, na kabla ya kuhesabu michango, anayetaka anapimwa. Tunacheka, tunaulizana habari za vidonge, aliyeacha anaambiwa na wenzake, si na mtu wa ofisi.

Ukitaka kufanya hivyo kwenye kundi lenu, fuateni utaratibu, maana kipimo kibaya kinatisha watu bure au kinawadanganya. Aliyefika sasa hivi akihema kwa kilima asipimwe kwanza. Akae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kuipishanisha, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyopita. Kibofu kiwe kitupu. Asiongee wakati mkanda unakaza. Pimeni mara mbili, mkipumzika dakika 1 katikati, na muandike namba zote mbili na tarehe kwenye daftari. Mwenye 140 kwa 90 au zaidi asingoje dalili, achukue daftari aende kituo cha afya wiki hiyohiyo. Mwenye 180 kwa 120 au zaidi apimwe tena baada ya dakika chache, na ikibaki hapo aende siku hiyohiyo. Akiwa na maumivu ya kifua, pumzi fupi, au upande mmoja wa mwili umelegea, msimwache atembee: itafutwe gari mara moja, na mtu aende naye.