Fundi akianguka kutoka kwenye paa lako, nani analipa?

Fundi wa bati kanionyesha cheti cha bima kwenye simu, inatosha?

Haitoshi hata kidogo. Picha ya cheti mtu anaweza kutembea nayo hata kama bima yenyewe ilishakufa, wapo wanaolipia mara ya kwanza wapate karatasi alafu basi. Chukua jina la kampuni ya bima na namba ya mkataba wa bima, simu ya hiyo kampuni itafute mwenyewe usipige ile aliyokupa yeye, uliza iko hai mpaka lini na inahusu kazi gani, maana mtu kakatia bima ya kupaka rangi na wewe unampandisha juu ya paa, hapo ni kama hana. Na jina kwenye cheti lifanane na la kwenye mkataba.

Anasema ana bima ya dhima, ya wafanyakazi haina haja. Kweli?

Anakuzunguka. Ya dhima ni pale tofali likidondoka kwenye gari la jirani. Kijana wake akivunjika mguu, hiyo kwa kawaida haimhusu, inatakiwa ya fidia kwa wafanyakazi. Ulizia zote mbili.

Si nina bima ya nyumba yangu lakini?

Unayo, sasa isome. Mgeni akiteleza kwako nyingi zinalipa, ila matengenezo makubwa wanataka uwaambie KABLA hamjaanza kubomoa. Na kama mnahama kupisha mafundi angalia kipengele cha nyumba kukaa tupu, bima nyingi, nyumba ikikaa tupu siku 30 au 60, zinapunguza ulinzi, hasa wa wizi.

Mimi nimechukua kibarua tu wa kukata matawi, namlipa kwa siku, ngazi ni yangu, na kasaini kwamba akiumia ni juu yake. Niko salama?

Ndugu yangu, wewe ndo wa kuogopa kuliko wote hapa. Sheria za nchi nyingi haziangalii mmeitana nani, zinaangalia nani anapanga saa za kazi, nani anaelekeza kata hili acha lile, vifaa vya nani, na vyote hivyo ni wewe, kwa hiyo unaweza kuhesabiwa mwajiri. Ngazi yako ikiwa na kipago kinachocheza na ulijua, ile karatasi aliyosaini sehemu nyingi haikuokoi. Waya wa umeme unaopita kwenye mti, shimo lililofunikwa na majani, mwonyeshe kwa kidole kabla hajapanda, ikiwezekana mtumie na meseji ibaki. Au tafuta mwenye bima yake umalize, bei itapanda ndio, sehemu ya hiyo bei ndo bima yenyewe.

Vigae vimebanduka baada ya mwezi, nidai bima ya fundi?

Hapana, kazi mbovu siyo ajali. Bomba alilofunga vibaya likipasuka likaloanisha sebule, sebule inaweza kulipwa, kulifunga upya bomba ni mfukoni mwake. Ndo maana mkataba uandike kuna hela inabaki kwako mpaka muda mliokubaliana upite, na ukishammalizia yote siku ya kwanza, kumpata kwenye simu ni kazi nyingine.