Jibu kuhusu uzamili wa taaluma mseto: utamaduni, utandawazi na mgongo wazi wa Obunga

Mwalimu wa Nakuru aliyefungua uzi huu amesomea ualimu wa Kiswahili na Historia, na sasa anatamani shahada ya uzamili inayochunguza utamaduni katika zama za utandawazi kwa kuchanganya taaluma kadhaa. Mwenzake wa shuleni amemwonya kwamba mshika mawili moja humponyoka. Nami nilipita njia hiyo hapa Kisumu, hivyo nitajibu kwa yale yaliyonipata.

Mwalimu, onyo hilo lina ukweli wake, ila anayeponyokwa si kila aliyeshika taaluma mbili au tatu. Ni yule aliyezishika bila kitu mahususi anachotaka kukielewa. Pendekezo langu la kwanza lilihusu athari za utandawazi kwa utamaduni wa Waluo. Jopo lilinirudishia kabla chai haijapoa, na lilifanya vyema, kwa kuwa mada pana kiasi kile haiulizi lolote.

Kilichoniokoa ni samaki. Aliyepita Obunga, mtaa wa hapa Kisumu, amewaona akina mama wakikaanga mgongo wazi, yaani kichwa na uti wa mgongo wa mbuta (sangara), vinavyobaki baada ya viwanda kutoa minofu ya kuuzwa nje ya nchi. Mbuta mwenyewe ni mgeni: aliingizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950, akaongezeka kupita kiasi miaka ya 1980 huku akiwamaliza samaki wadogo wa asili, na minofu yake ikapata soko Ulaya. Nyama ikapanda ndege, sisi tukaachiwa mifupa, na mifupa hiyo ikawa kitoweo chenye jina, wateja na namna yake ya kupikwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Umoja wa Ulaya ulipowazuia samaki wa ziwa hili kwa sababu za usalama wa chakula, uamuzi wa watu wasioijua Obunga ulifika hadi kwenye karai.

Swali la namna hiyo halikubali taaluma moja. Ongezeko la mbuta linaelezwa na ekolojia, bei inaelezwa na uchumi, na suala la nani anaruhusiwa kununua kwanza lori linapofika ni la sosholojia. Jina lenyewe, ambalo ni la Kiswahili ingawa linatamkwa siku nzima na watu wanaozungumza Kijaluo, ni kazi ya mwanaisimu. Sikuchagua kuchanganya, nililazimika.

Asubuhi moja nilimuuliza mama mmoja ananunua kwa bei gani "mabaki haya". Aliviacha vipande vyake kwenye mafuta, akanitazama, akasema, "Mabaki ni ya mbwa, mwanangu. Hii ni mgongo wazi." Nililiandika jibu hilo daftarini bila kujua lingenigharimu miezi mitatu. Msimamizi wangu wa uchumi alitaka tasnifu nzima itumie "mabaki ya viwanda", akisema ndilo neno linalopimika. Yule wa anthropolojia akasisitiza kwamba nikitumia neno hilo nitakuwa nimeshaamua, kabla ya kuchunguza, kwamba thamani yote iliondoka na minofu. Kila mmoja alisahihisha rasimu ileile kwa kalamu yake, nami nikawa nabadilisha leo nilichobadilisha jana. Hatimaye niliugeuza ugomvi wao kuwa sura ya tatu, na hadi leo naamini hiyo ndiyo sura pekee inayostahili kusomwa.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa karo, iwe ni Egerton kule Njoro, Maseno, Moi au Masinde Muliro, uliza ni idara ipi itakayoimiliki tasnifu yako, na nani ana neno la mwisho wasimamizi wakitofautiana. Mimi sikuuliza, na chuo nilichosoma, ambacho sitakitaja, hakikuwa na jibu. Muulize pia mwajiri kama shahada isiyobeba jina la somo unalofundisha itahesabiwa wakati wa kupandishwa cheo. Soma angalau kozi moja ya takwimu hata kama inakutisha, na uombe kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, mapema. Ukihoji watu kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine, tenga muda mrefu wa kunakili na kutafsiri; hapo ndipo wengi wetu hukwama, wala hakuna anayetutahadharisha.

Kuhusu mada, huna haja ya kuja ziwani kwetu. Katika kaunti yako kuna Naivasha, ambako maua hukatwa na kusafirishwa kwa ndege hadi Uholanzi, na mitaa ya wafanyakazi imewakusanya watu kutoka karibu kila pembe ya nchi. Watoto wanaozaliwa mle wanazungumza Kiswahili gani, na wanapopelekwa kwa bibi zao likizoni wanaelewana nao kwa lugha ipi? Wewe umesomea Kiswahili na Historia, kwa hiyo nusu ya kazi unayo tayari. Nusu nyingine ni kujifunza jinsi soko la maua linavyowavuta wazazi wao hadi pale. Andika kurasa mbili juu ya swali hilo, uziweke hapa, nami nitazisoma kabla hujazipeleka kwa jopo.