Farumi ya boti ya rimoti: usimwage saruji kabla ya kupanga vilivyomo

Assalaam alaikum. Ndugu yetu wa Wete ametueleza kwamba ameunda boti ya mizigo ya rimoti yenye urefu wa sentimita 90, na kwamba kila akiitia majini huelea sentimita 2 juu ya mstari aliouchora kuonyesha maji yafike wapi, tezi (nyuma) ikiwa chini kuliko omo (mbele) na ubavu wa kushoto ukiwa umelalia. Anauliza kama amwage saruji juu ya mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, ili chombo kikae sawa. Nimeunda vyombo vitano vya aina hii hapa Malindi, Unguja, na namwomba sana asiimwage, kwa sababu saruji ikishaganda haisogezeki tena, ilhali chombo chake bado kinahitaji kusogezwa vitu vingi kabla ya kutiwa farumi yoyote, yaani uzito wa kukituliza majini.

Kulalia na kuelea juu ni mambo mawili, na hutengenezwa kwa zamu. Anza na kulalia. Tia chomboni kila kitu kitakachosafiri nacho, yaani mota, betri, kipokezi, sevo (kimota cha kugeuza usukani), sitaha na hata mlingoti wa mapambo, kisha kiweke kwenye maji yaliyotulia. Mimi hutumia mbao nne nilizozisimamisha kwa ubavu, nikatandika turubai la plastiki ndani yake na kulijaza maji, kwa kuwa ufukweni hata kiwimbi kidogo kinatosha kukudanganya macho. Hapo shika betri, maana ndiyo nzito kuliko vyote, na uisogeze kidogo kidogo. Betri ya gramu 700 ikisogezwa sentimita 1 tu kwenda kulia, kazi yake ni sawa na kupachika risasi ya gramu 100 umbali wa sentimita 7 kutoka katikati. Anayekimbilia kuongeza uzito upande wa pili anabebesha chombo mzigo ambao kingeweza kuuepuka, na kwa ninavyoona hili ndilo kosa linaloharibu boti nyingi nzuri. Tezi nayo ni vivyo hivyo: mota na betri zikirundikwa nyuma, omo itainuka, basi isogeze betri mbele mpaka mstari ulingane pande zote.

Kikishakaa sawa, ndipo uhesabu kina. Chukua urefu wa chombo pale maji yanapokigusa, uzidishe kwa upana wake wa hapo, kisha uchukue kama robo tatu ya jumla, kwa sababu omo na tezi zimechongoka. Kwa boti ya ndugu yetu, tukikadiria urefu wa sentimita 80 na upana wa 20, tunapata takriban sentimita mraba 1,200, ambazo maana yake ni kwamba kila sentimita 1 ya kuzama inataka kiasi cha kilo 1.2. Sentimita zake 2 basi zinahitaji karibu kilo 2.4. Usizitie zote kwa pamoja. Tia kilo 2 kwanza, na zilizobaki uziongeze kwa vipande vidogo huku ukitazama mstari.

Farumi nzuri kuliko zote ni risasi. Uzito wake kwa kila sentimita ya ujazo ni gramu 11.3, wakati chuma ni kama 7.8 na zege ni kama 2.4, hivyo risasi hulala chini kabisa karibu na mkuku, mahali ambapo zege lenye uzito uleule lingepanda hadi nusu ya ngama, yaani tumbo la chombo. Chubwi za wavuvi, vile vipande vya risasi vya kuzamishia mishipi, zinafaa sana na zinapatikana kila penye duka la zana za uvuvi. Nawa mikono baada ya kuzishika, wala usiziyeyushe jikoni, kwani risasi ni sumu.

Mchanga sikushauri kabisa. Chombo changu cha pili nilikitia kilo moja na nusu ya mchanga kwenye vifuko vya plastiki nilivyoviacha bila kuvifunga, na kilielea vizuri mno siku ya kwanza. Siku ya pili, pwani ya Maruhubi, nilikikata kona kwa kasi, vifuko vikateleza vyote ubavu mmoja, chombo kikalala, maji yakaingia kupitia mlango wa sitaha, nami nikasubiri maji yapwe ndipo nikakiokota, mota ikiwa imekwisha kuliwa na chumvi. Uzito unaotembea ndani ni mbaya kuliko kukosa uzito, na maji yaliyovuja ngamani nayo ni uzito unaotembea. Kwa hiyo pachika risasi kwa mkanda wa gundi wakati wa majaribio, na ukisharidhika uzigandishe kwa silikoni, ambayo hushika imara lakini hukatika kwa kisu siku utakapobadilisha betri.

Kabla ya kugandisha, kisukume chombo kwa kidole ubavuni na utazame kinavyokwenda mrama, yaani kinavyoyumba ubavu kwa ubavu. Kikirudi kwa uvivu na kukawia upande mmoja, uzito uko juu mno. Shusha betri au punguza vya sitahani. Kikirudi kwa mtikisiko wa ghafla, farumi imezidi kuwa chini, na hakitapendeza kukitazama, kwa sababu meli ya kweli haitikisiki hivyo. Kwa mfano uliopunguzwa mara 20, meli inayochukua sekunde 6 kwenda mrama na kurudi ingechukua kama sekunde 1.3 tu.

Ukitoka kwenye maji baridi ya nyumbani kwenda baharini, chombo kitapanda kidogo, kwani maji ya chumvi ni mazito kwa takriban asilimia 2.5. Ndiyo maana meli zinazofunga gati hapa Malindi zimechorwa ubavuni alama mbalimbali, ya maji baridi ikiwa juu ya ile ya bahari. Kwa boti ya kilo 5 tofauti ni kama milimita 1, nami siisumbukii.

Jambo la mwisho linahusu rafadha, yaani pangaboi linalosukuma chombo. Ikizunguka kulia, ukiitazama kutoka nyuma, husukuma chombo kilalie kushoto, hasa unapoondoka kwa kasi. Kwa hiyo, ndugu yangu wa Wete, tazama kama kulalia kwako kushoto kunaonekana hata mota ikiwa imezimwa. Kama kunatokea wakati wa mwendo tu, usikipachikie risasi kulia, kwani kitalalia kulia kila kikisimama. Punguza ghafla ya kuondoka, au tia rafadha ndogo zaidi.