Programu imeanguka, au umeme umeanguka?

SWALI: Nimefunga ESP32 (bodi ndogo ya kompyuta), kihisi cha joto DS18B20 na modemu ya simu ya SIM800L kwenye vizimba vya sato. Mezani ilikaa siku tatu bila shida. Ziwani inajiwasha upya ikituma ujumbe, na mara nyingine huandika "Guru Meditation Error". Je, bodi imekufa? — Msomaji, Igombe, Mwanza

JIBU: Usinunue bodi bado. Dalili zako ni za matatizo mawili tofauti.

"Guru Meditation Error" ni prosesa yenyewe ikikueleza kwamba programu imeiagiza jambo lisilowezekana. Ikifuatiwa na LoadProhibited (programu imesoma kumbukumbu isiyoruhusiwa), tazama EXCVADDR, yaani anwani iliyojaribiwa. Ukikuta 0x00000000 au namba ndogo kama 0x0000001c, pointa (kielekezi cha mahali kwenye kumbukumbu) ilikuwa tupu. Mara nyingi modemu haikujibu, na programu ikasoma jibu bila kukagua kama lipo. Anwani za mstari wa Backtrace (njia programu iliyopita hadi kuanguka) zipitishe kwenye xtensa-esp32-elf-addr2line, zana inayogeuza anwani kuwa mistari ya msimbo, pamoja na faili la ELF (programu iliyokusanywa) la toleo lilelile lililo kwenye bodi. Ukitumia la toleo jingine, utaelekezwa mstari usiohusika kabisa.

Umeme ukishuka, kwa kawaida huoni Guru. Unaona "Brownout detector was triggered", au ukikatika kabisa, kimya halafu POWERON_RESET (bodi imewaka upya). SIM800L hutaka volti 3.4 hadi 4.4, na ikirusha huvuta hadi ampea 2 kwa mapigo ya maikrosekunde 577. Mita ya kawaida haiyaoni, tumia osiloskopu. Fupisha waya wa betri, tumia mnene, na weka kapasita ya maikrofaradi 1000 jirani kabisa na modemu.

Backtrace ikibadilika kila mara, mafundi wengi hulaumu chipu. Hapo wanakosea: steki (kumbukumbu ya muda ya programu) iliyojaa kupita kiasi, au safu ya data (array) iliyoandikwa nje ya mipaka, hufanya vivyo hivyo. Chomoa modemu, ilishe programu majibu ya kuigiza, na tumia umeme tulivu wa mezani. Ikianguka bado, jaribu bodi ya pili. Ikianguka na huko, kosa ni la programu.

Kwa kuwa kizimbani hakuna kompyuta, kila bodi inapowaka, programu isome esp_reset_reason(), yaani sababu ya kujiwasha upya, na ihifadhi jibu kwenye NVS, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika: ESP_RST_PANIC (programu) au ESP_RST_BROWNOUT (umeme). Kagua pia rekodi za joto. Nyuzi 85 kamili ndiyo thamani ambayo DS18B20 huanza nayo inapopata umeme. Ikijitokeza katikati ya vipimo vya kawaida, anza na waya wa kihisi.