Re: Heller za 1916 zilizochakaa, nifanyeje?

Habari ndugu. Unauliza ufanyeje na sarafu saba za heller 20 (pesa za Afrika Mashariki ya Kijerumani) ulizonunua kwa mpigo kwa sababu ya urahisi wa bei, sasa zote zimesagika. Nami nilianza hivyo hivyo hapa Tabora: kopo zima, na hamna hata moja ya kumwonyesha mgeni.

Kwanza tazama herufi T, alama ya Tabora zilikopigwa, chini ya mwaka. Ikisomeka vizuri pamoja na taji, hiyo ibakize. Nyingine badilishana, hata tano kwa moja safi. Chapa iliyokaa upande isikutishe, zilipigwa harakaharaka wakati wa vita, hapa hapa mjini. Ila usizisugue! Yangu niliipitisha kwenye ndimu na majivu ikang'aa kama kifungo. Mnunuzi akaigeuza mara moja, akanirudishia. Bei siwezi kukadiria kwa picha.