Wahasidi na sheria: mtazame Shneur Zalman

Ndugu, umeuliza kama Wahasidi, Wayahudi wa mwamko wa kidini ulioanza Ulaya Mashariki karne ya 18, ni watu wa nyimbo na dua tu, sheria wamewaachia wengine. Hapana. Mtazame Rabi Shneur Zalman wa Liadi, aliyezaliwa 1745 huko Liozna, Belarusi ya leo. Mwalimu wake, Dov Ber wa Mezeritch, alimpa kazi angali kijana: aandike upya mkusanyo wa sheria za Kiyahudi, kila hukumu na sababu yake.

Kwangu mfano mzuri kuliko yote ni kisu cha kuchinjia. Wahasidi walitaka kisu kikali sana na laini kabisa, maana makali yakiwa na pengo, hata dogo kama nini, mnyama ni kibudu. Mchinjaji huyapitisha makali polepole juu ya kucha na nyama ya kidole, akili yake yote ikiwa hapo. Wapinzani wao, Wayahudi wenzao, walivipiga vita visu hivyo. Shneur Zalman akawajibu kwa hoja za sheria.

Mwaka 1798 alifungwa St. Petersburg akishukiwa usaliti, kwa ajili ya fedha zilizopelekwa kwa Wahasidi maskini wa Nchi Takatifu, iliyotawaliwa na Waturuki. Akaachiliwa. Alifariki Desemba 1812 akilikimbia jeshi la Napoleon.

Kinachoniuma ni kwamba sehemu kubwa ya miswada yake ya sheria iliteketea kwa moto. Kilichonusurika, kingi kikachapwa baada ya kifo chake, ndicho wafuasi wake wanachosoma hadi leo.